Kaunsili Imekupa Nyumba ya Muda: Bili ya Umeme, Gesi na Maji ni ya Nani?

Mtu aliyekaa miezi au miaka katika nyumba za Home Office (wizara ya mambo ya ndani) nchini Uingereza, akisubiri uamuzi wa kesi yake ya ukimbizi, hana namna ya kujua bili za huko zinavyokwenda. Umeme, gesi, maji na kodi ya kaunsili (halmashauri ya eneo) vyote hulipwa na upande wa serikali, na hakuna barua inayokuja kwa jina lake. Akishapata kibali cha kukaa hupewa notisi ya kuhama. Anakwenda kaunsili kueleza kuwa hana pa kuishi, na akikubaliwa hukabidhiwa ufunguo wa chumba au fleti ya muda. Anaingia akiamini mambo ni yaleyale, kwamba aliyemleta ndiye anayelipa. Miezi minane baadaye bahasha inaingia mlangoni na deni la mamia ya pauni. Wakongomani, Warundi, Watanzania, Wakenya, Wabrava wa Somalia walioko London, wote hujikwaa kwenye jiwe hilohilo, na hata wazaliwa wa Uingereza hujikwaa.

Kaunsili ikikuweka mahali, imetimiza wajibu wa kukupa pa kulala. Nani analipa nini ni suala la karatasi uliyosaini siku ya kupewa ufunguo, pamoja na mita iliyopo ukutani. Vitu hivyo viwili vikikaguliwa siku ya kwanza, matatizo mengi hayazaliwi kabisa. Maelezo haya ni ya England, ambako mwishoni mwa Machi 2025 kaya zaidi ya 130,000 zilikuwa katika makazi ya muda. Scotland na Wales zina taratibu zao.

Anza na karatasi. Mara nyingi si mkataba wa upangaji kama ule unaoujua, ni ruhusa ya kukaa tu, na ofisa wa nyumba hukuonyesha mahali pa kusaini akiwa na haraka ya kwenda kwa familia nyingine. Usisaini kabla hujaona mistari miwili: pango ni kiasi gani kwa wiki au kwa usiku, na ada ya huduma ni kiasi gani na ndani yake mna nini. Kwenye karatasi utakuta maneno "service charge" au "personal charge". Uliza waziwazi, tena omba jibu liandikwe: umeme na gesi akaunti iko kwa jina la nani? Maji? Kodi ya kaunsili? Kama ofisa hajui, mwombe akutumie jibu kwa baruapepe, na ukifika nyumbani mwandikie wewe mwenyewe kumkumbusha. Baruapepe ya mistari mitatu yenye tarehe ina nguvu kuliko mazungumzo ya saa nzima kwenye kaunta.

Aina ya nyumba nayo hukupa dokezo. Kwenye hosteli, nyumba ya wageni au jengo ambalo jiko na bafu mnachangia na watu wengine, akaunti za umeme na gesi huwa za mwenye jengo. Kampuni ya umeme haina habari na wewe. Unachodaiwa ni ile ada ya kila wiki, inayobeba joto, taa, maji ya moto, na penye chakula, kifungua kinywa. Kwenye fleti inayojitegemea, yenye mlango wake, jiko lake na bafu lake, hali hugeuka: umeme, gesi, maji na kodi ya kaunsili kwa kawaida ni vyako, hata kama umeletwa na kaunsili na hata kama umeambiwa utakaa wiki tatu tu. Wiki tatu hizo huweza kuwa miaka mitatu.

Katikati ya hizo mbili kuna aina inayoleta ugomvi zaidi ya zote: fleti inayojitegemea kwa kila kitu isipokuwa mita. Jengo zima lina mita moja, na mwenye nyumba au meneja wake anapita kudai pesa za umeme mkononi. Tutairudia.

Sasa pango. Mtu aliye katika makazi ya muda, hata kama anapokea Universal Credit (ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kwa ajili ya kula na kuvaa, pango lake huombewa Housing Benefit, ruzuku inayotolewa na kaunsili. Ombi hilo ni tofauti na halijitumi lenyewe. Lisipojazwa mapema, pango lote la wiki hizo linakuwa deni lako. Uliza siku hiyohiyo ni kaunsili ipi inayolipokea, maana watu wengi wa London huwekwa na kaunsili moja kwenye eneo la kaunsili nyingine.

Kuna kanuni inayowaumiza watu kwa sababu hawaelezwi. Housing Benefit hairuhusiwi kulipia joto la chumba chako, taa, maji ya moto, nishati ya kupikia, maji wala chakula. Kama vitu hivyo vimo ndani ya pango, ofisi huvitoa kwanza, ndipo inalipa kilichobaki. Barua ikisema umepewa Housing Benefit kamili, maana yake ni kamili kwa ile sehemu inayoruhusiwa. Tuseme chumba ni pauni 310 kwa wiki na ndani yake pauni 24 ni za joto, umeme na maji. Ruzuku italipa pauni 286. Pauni 24 ni zako, kila wiki, kutoka kwenye pesa ya kula. Usipolipa kwa wiki 26 unadaiwa pauni 624, na deni hilo linahesabiwa kama malimbikizo ya pango. Linaweza kukutoa kwenye nyumba ya muda. Kisha kaunsili inaweza kusema umejisababishia mwenyewe kukosa makazi, na wajibu wake kwako umekwisha. Familia kupoteza nafasi ya nyumba ya kudumu kwa sababu ya pauni 24 ambazo hakuna aliyeikalisha chini na kuieleza ni jambo la kusikitisha sana, na linazuilika.

Hesabu ya malipo yenyewe ina mtego. Universal Credit inalipwa mara moja kwa mwezi, ada inadaiwa kwa wiki. Watu huzidisha 24 mara nne, wakaweka malipo ya benki ya pauni 96 kila mwezi, wakatulia. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo unadaiwa pauni 1,248, na wewe umelipa 1,152. Mwisho wa mwaka una deni la pauni 96 ingawa hukukosa hata mwezi mmoja. Zidisha ada ya wiki mara 52, gawa kwa 12: hapo unapata pauni 104, na ndicho kiasi cha kuiagiza benki.

Tuje kwenye mita, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Siku unayoingia kwenye fleti inayojitegemea, kabla ya kupanga mabegi, tafuta mita ya umeme na ya gesi. Zinaweza kuwa kwenye kabati la jikoni, chini ya ngazi, kwenye kisanduku cha nje ukutani, au kwenye chumba cha mita cha ghorofa ya chini ambacho ufunguo wake anao msimamizi wa jengo. Usimwachie msimamizi aondoke kabla hajakufungulia. Piga picha mbili kwa kila mita: moja ionyeshe namba za matumizi, nyingine namba ya mita yenyewe iliyochapwa kwenye bamba karibu na mistari ya msimbo. Simu itaweka tarehe. Piga na picha ya tatu ya barua ya kaunsili iliyokuweka hapo, yenye anwani na tarehe ya kuingia. Picha hizi ndizo zitakazokutetea kwa muda wote utakaokaa.

Kusoma mita si kugumu. Andika tarakimu nyeusi kutoka kushoto kwenda kulia, acha zilizo nyekundu au zilizo baada ya nukta. Mita ya umeme ikiwa na mistari miwili ya namba, moja ya usiku na moja ya mchana, soma yote miwili. Hiyo ni nyumba yenye bei nafuu kwa saa saba za usiku, na aghalabu ina hita kubwa za ukutani zinazohifadhi joto usiku na kulitoa mchana. Ukiziwasha mchana kwa kutojua, unanunua joto kwa bei ya juu. Kwenye mita ya gesi angalia alama ya kipimo: m³ ni mita za ujazo, ft³ ni futi za ujazo. Hii si kazi ya fundi peke yake. Uniti moja ya mita ya zamani ni futi 100 za ujazo, sawa na mita za ujazo 2.83. Kampuni ikiandika kwenye mfumo wake kuwa mita yako ni ya futi ilhali ni ya mita, bili itakuja karibu mara tatu ya gesi uliyochoma. Kosa hili hutokea, na hakuna atakayeligundua usipolinganisha picha yako na bili.

Kisha tafuta kampuni. Kisheria, tangu siku uliyoanza kukaa na kutumia umeme humo, unahesabiwa kuwa umeingia mkataba na kampuni iliyokuwa ikiuza umeme kwa nyumba hiyo, hata kama hukusaini kitu wala hujui jina lake. Ndiyo maana kukaa kimya hakusaidii, saa inahesabu. Ukiandika postikodi kwenye huduma ya intaneti ya kutafuta kampuni ya gesi utaiona. Kwa umeme, uliza kampuni inayomiliki nyaya za eneo lako, kwa London, kusini mashariki na mashariki ya England ni UK Power Networks. Watakupa jina la kampuni na namba ya muunganisho wa umeme yenye tarakimu 21, ambazo 13 za mwisho ndizo za msingi. Namba ya gesi ni fupi, tarakimu 6 hadi 10.

Piga simu kwa kampuni na sema mambo manne: jina lako, anwani kama ilivyo kwenye barua ya kaunsili, tarehe ya kuingia, na namba za mita za siku hiyo. Hakikisha wanaziandika namba za mita unazozisema wewe, usikubali makisio yao. Omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza cha simu kinakupiga chenga. Kampuni nyingi zina huduma hiyo. Tafadhali usimpe mtoto wa darasa la tano kazi ya kujadili deni. Atasema "yes" kwa kitu asichokielewa, na "yes" hiyo inarekodiwa.

Anwani nayo ina mambo yake. Nyumba nyingi za London ni majumba ya zamani yaliyokatwakatwa kuwa fleti. Kaunsili inaiita "Flat 2", kampuni ya umeme inaiita "First Floor Flat", posta ina jina la tatu. Matokeo yake unalipia mita ya jirani na jirani analipia yako. Namba ya mita iliyo kwenye picha yako ndiyo inayokata mzizi wa fitina: lazima ilingane na ile iliyochapwa kwenye bili. Kama hazilingani, usilipe kwanza. Piga simu, tuma picha.

Kuna jaribio lingine la dakika tano ambalo kila anayeingia kwenye nyumba iliyokatwakatwa anapaswa kulifanya. Zima swichi kuu ya fleti yako, nenda kwenye mita, tazama. Namba zikiendelea kupanda, au taa nyekundu ikiendelea kupepesa, kuna kitu kingine kinachokula kwenye mita yako: taa za korido, hita ya ngazi, wakati mwingine fleti nzima. Rekodi video ya dakika mbili inayoonyesha swichi imezimwa na mita inatembea. Ipeleke kwa ofisa wa nyumba kwa maandishi pamoja na kampuni. Ukikuta waya umepitishwa nje ya mita, au kifuniko kimevunjwa, usiguse. Piga picha na uripoti siku hiyohiyo, kwa usalama wenu kwanza, na pia usije ukaambiwa miezi sita baadaye kuwa mwizi wa umeme ni wewe. Ukisikia harufu ya gesi, toka nje na piga 0800 111 999. Umeme ukikatika mtaa mzima, piga 105.

Mita za kulipia kabla zinastahili maelezo yao, kwa kuwa nyumba nyingi za muda zinazo na kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili wana uzoefu wa LUKU ya Tanzania na tokeni unaoweza kuwasaidia au kuwapotosha. Ufunguo wa plastiki ni wa umeme, kadi ni ya gesi. Unapeleka dukani penye alama ya PayPoint au posta, unalipa, unarudi unachomeka. Kwenye mita janja (smart meter) unaweza kulipa kwa simu. Hadi hapo ni ndugu wa LUKU. Tofauti ziko mbili.

Ya kwanza ni ada ya kila siku. Nyumbani umezoea kuwa usipowasha kitu, uniti hazipungui. Uingereza kuna ada inayokatwa kila siku hata ukisafiri: kati ya 2023 na 2025 ilikuwa baina ya peni 50 na zaidi kidogo ya 60 kwa umeme, na karibu peni 30 kwa gesi. Fleti ikikaa tupu siku 60 kabla yako, mita inakuwa imejilimbikizia karibu pauni 50 za ada tupu. Unaingia, unaweka pauni 20 yako ya kwanza, na taa haiwaki. Mita imeila.

Ya pili ni deni la aliyekutangulia. Mtanzania anajua mita inaweza kukata pesa isiyo ya umeme. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye LUKU. Mita za Uingereza hufanya hivyo kwa madeni. Kampuni ilimwekea mpangaji wa zamani kukatwa tuseme pauni 5 kwa wiki, na mpangilio huo umebaki ndani ya mita na ndani ya ufunguo wake. Kwa hiyo ufunguo ulioukuta droo ya jikoni usiuongezee pesa. Pigia kampuni, sema umehamia leo, omba ufunguo na kadi mpya kwa jina lako, na omba deni na ada za kabla ya tarehe yako zifutwe. Usiku wa kwanza watakuelekeza namna ya kupata umeme, mara nyingi kwa namba ya kupeleka dukani ukachukue ufunguo mpya. Kama ulishaweka pesa kabla ya kujua, risiti zako na tarehe kwenye barua ya kaunsili zinatosha kudai urudishiwe kilicholiwa na deni la mtu mwingine.

Salio likiisha mita hukupa mkopo mdogo wa dharura, na nyingi hazikati umeme usiku wala wikendi. Usishangae basi ukiweka pauni 10 asubuhi na kuona 3: mita imejirudishia mkopo na ada za siku ulizokopeshwa. Ukiwa huna kabisa, hasa penye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa, pigia kampuni kabla giza halijaingia na uombe salio la ziada la msaada, wanatakiwa kukusikiliza. Mwambie mhudumu akusajili kwenye orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi maalumu, iitwayo Priority Services Register. Ni bure. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano wanaingia, wagonjwa na wazee wanaingia, na wasiozungumza Kiingereza vizuri pia.

Kinachomaliza pesa kwenye fleti zisizo na gesi ni vifaa viwili. Hita ndogo ya feni ya kilowati 2, ikiwashwa saa sita kwa siku kwa bei ya takriban peni 26 kwa uniti, inakula pauni 3.12 kwa siku, karibu pauni 22 kwa wiki. Cha pili ni hita ya tangi la maji, kilowati 3, yenye swichi karibu na kabati la tangi, ambayo watu huiacha imewashwa usiku na mchana kwa kudhani ni taa ya kabati. Tafuta swichi hiyo siku ya kwanza. Saa moja au mbili kwa siku zinatosha familia. Kama redieta zenyewe hazifanyi kazi na ndiyo sababu unatumia hita ya feni, andika kwa kaunsili kwamba ubovu huo unakuongezea bili, na hifadhi risiti za kuongeza salio. Hizo ni ushahidi wa kudai fidia.

Barua nazo zina adabu yake. Iliyoandikwa "The Occupier" ni yako, ifungue. Yenye jina la mtu usiyemjua, usiifungue wala usiilipie; andika juu ya bahasha kuwa hakai hapo na uirudishe posta. Wakija madalali wenye hati ya mahakama kutafuta deni la mpangaji wa zamani au kufunga mita ya kulipia kabla, waonyeshe barua ya kaunsili na kitambulisho chako kupitia dirishani. Tarehe ndiyo itakayosema.

Na yule aliyekaa miaka mitatu bila bili hata moja, kisha ikaja ya pauni elfu kadhaa? Tangu 2018 kuna kanuni ya Ofgem, msimamizi wa soko la nishati: kampuni ikishindwa kukutoza ipasavyo kwa uzembe wake, hairuhusiwi kudai nishati uliyotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita. Haitajifuta yenyewe. Andika kwao ukiitaja kanuni hiyo. Ulinzi huu humwacha aliyewazuia wasisome mita au kuwakwepa kwa makusudi, kwa hiyo jibu barua zao hata kama huna pesa. Mkishindwana kwa wiki nane, au wakikupa barua kuwa wamefikia mwisho, peleka lalamiko kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nishati, bila malipo.

Turudi kwa meneja anayedai pesa za umeme mkononi. Mwenye nyumba anayenunua umeme au gesi kwa jina lake na kuwauzia wakaaji haruhusiwi kuongeza faida. Bei ya uniti haiwezi kuzidi aliyolipa yeye, na ada ya kila siku mnagawana kwa haki. Una haki ya kuona bili ya kampuni. Iombe kwa maandishi, lipa kwa benki na si taslimu, na omba risiti kila mara. Kisha angalia hati yako ya kaunsili: kama ada ya huduma tayari ina umeme ndani yake, unalipishwa mara mbili, na jambo hilo limpate ofisa wa nyumba siku hiyohiyo.

Maji yana kanuni kama hiyo, na hata kaunsili zimewahi kunaswa nayo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa kaunsili ya Southwark, iliyokuwa ikikusanya malipo ya maji pamoja na pango, ilikuwa inauza maji ya kampuni ya Thames Water na ilikuwa imetoza wapangaji kupita kiwango. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikafikia uamuzi wa aina hiyo kuhusu kaunsili ya Kingston. Kwa hiyo uliza kama maji yamo kwenye ada yako kabla ya kufungua akaunti ya maji, usije ukalipa kote kuwili. Kama ni yako, jisajili mwenyewe. Maji ya nyumba ya kuishi hayawezi kukatwa kwa deni, sheria ya 1999 imekataza, lakini deni linabaki na linaenda mahakamani. Familia yenye mita ya maji, inayopokea ruzuku ya serikali na yenye watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 19, iombe mpango wa WaterSure unaoweka kikomo cha bili ya mwaka.

Kodi ya kaunsili: hosteli na nyumba za vyumba vya kuchangia humwangukia mwenye jengo. Fleti inayojitegemea huwa juu yako, na inalipwa kwa kaunsili ya eneo nyumba ilipo, siyo iliyokuweka. Omba punguzo la kipato kidogo kwa fomu yake, tofauti na ya Housing Benefit. Mtu mzima mmoja akiishi peke yake au na watoto anapunguziwa asilimia 25.

Intaneti usiifungie mkataba wa miezi 24 kwenye nyumba ya muda. Chukua laini ya simu ya kulipia mwezi kwa mwezi.

Jina lako kuwa kwenye akaunti ya umeme lina faida moja kubwa: punguzo la Warm Home Discount, pauni 150 kwa majira ya baridi, huenda kwa mwenye jina kwenye bili anayepokea ruzuku ya kipato. Anayelipa kupitia mwenye nyumba kwa kawaida halipati, na hilo ni pengo ambalo serikali ingepaswa kuliziba, kwa sababu wanaokaa hosteli ndio maskini zaidi.

Kama hesabu zote hizi zikijumlishwa haziwezekani, usinyamaze mpaka deni liote mizizi. Kaunsili inatakiwa kuangalia kama gharama za mahali ilipokuweka unazimudu, pamoja na mahitaji mengine ya maisha. Andika mapato upande mmoja, na upande mwingine ada ya wiki, umeme, gesi, maji, nauli ya shule, chakula. Kama umeshapewa uamuzi kuwa kaunsili ina wajibu kamili kwako, una siku 21 tangu kuarifiwa kuomba upitiaji wa kufaa kwa makazi. Kama bado uko kwenye hatua ya kusubiri uamuzi, huna haki hiyo ya upitiaji, na hapo unahitaji mashirika ya ushauri kama Shelter na Citizens Advice, au wakili wa nyumba wa msaada wa kisheria haraka. Malalamiko ya uzembe wa kaunsili yakimaliza ngazi zake za ndani hupelekwa kwa Local Government and Social Care Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya kaunsili.

Mwisho ni siku ya kuhama, ambayo kwenye makazi ya muda huja bila kubisha hodi. Unaweza kupigiwa simu asubuhi uondoke jioni. Ndiyo maana ni vizuri kupiga picha ya mita kila Jumapili: hata ukitolewa ghafla, ya mwisho haitakuwa na zaidi ya siku saba. Siku yenyewe soma tena, piga picha, pigia kampuni uwape tarehe na anwani ya kutuma bili ya mwisho, inayotakiwa kutoka ndani ya wiki sita. Ijulishe kampuni ya maji, kodi ya kaunsili na ofisi ya Housing Benefit. Mita ya kulipia kabla ikiwa na pauni 18 ndani yake, pesa hiyo ni yako: piga picha ya salio, omba urudishiwe, na ufunguo uache nyumbani. Anayeingia baada yako mwambie, kama mtakutana mlangoni, asiutumie.